Namba hii si tasa, haya watoto wake wako wapi?

Jamani mtanivumilia, mlionisikia mwaka jana mnajua naelekea wapi, ni ile ile 2 kipeo 67 toa 1. Naiandika: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21. Padri mmoja Mfaransa, Mersenne, mwaka 1644 akaiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na ikakaa humo miaka zaidi ya 200, maana nani angekaa aikague? Halafu 1876 anatokea Lucas, Mfaransa mwenzake, anasema hii siyo tasa. Haya, vigawo vyake, yaani watoto wake, ni vipi? Lucas hana hata kimoja!

Namwona mtu pale nyuma anacheka, mwalimu, kajuaje ana watoto na hajamwona hata mmoja? Basi hilo ndo somo la leo, mengine mtajisomea. Chukua 7. Ishushe moja unapata 6, 2 kipeo 6 ni 64, gawa kwa 7, inabaki 1. Namba tasa zote kuanzia 3 lazima zibakishe 1 hivyo hivyo, namba ikifeli basi siyo tasa. Sasa fanya 9: 2 kipeo 8 ni 256, 9 mara 28 ni 252, inabaki 4. Imefeli! 9 siyo tasa, na 3 sijaitaja mimi, umeitaja wewe kichwani. Na msinirukie na 341, najua, ni 11 mara 31 na inapita mtihani huu vizuri tu, nimesema IKIFELI, kupita hakuthibitishi kitu. Tena hii ya Mersenne yenyewe inapita, ndo maana Lucas ikabidi aje na mtihani wake mkali zaidi.

Kwa hiyo miaka 27 tunajua mama amezaa ila watoto hatuwajui. Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati cha Marekani, inasimuliwa Frank Cole alisimama bila kusema neno, akapiga hesabu ya 2 kipeo 67 toa 1 upande mmoja wa ubao, upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikiongea saa nzima mnasinzia. Mkiwa na wasiwasi zidisheni zile tatu tatu za mwisho, 721 mara 287 ni 206,927, inaishia 927 kama pale juu.

"Siku hizi kompyuta inamaliza sasa hivi." Ndiyo, hii ya tarakimu 21. Mpe ya tarakimu 600 na ushee iliyotokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa zilizochaguliwa vizuri, aitafutie watoto wake tuone, si ndo kufuli la tovuti nyingi hizo, mabenki na wengine... naoneshwa saa, haya.

Kazi ya nyumbani: 2 kipeo 11 toa 1, yaani 2,047. Siyo tasa. Kila mtoto wake ni 22 mara kitu fulani ongeza 1, anzeni hapo, na simu iwe mfukoni.