Mbona kila video ni makanisa ya kale? Haya, leo nawajibu

Haya wadau, swali la wiki hii ni lile lile la wiki iliyopita: “Kaka uko Leicester, Uingereza, mbona kila video makanisa na kuta za mawe, umeokoka au umefulia?” Sijaokoka. Kufulia ndiyo, kidogo, na kabla hamjasema nalialia, kuna mwingine jana tu kaniambia naringa, sasa chagueni moja.

Ukweli humu ndani naingia bure. Natoka shifti ya usiku asubuhi hii, viza nimelipia, na juu yake kuna ile ada ya matibabu pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, unalipa yote kwa mpigo kabla hata hujapiga chafya, halafu kwenye mshahara kodi wanakata kama kawaida. Sasa hapo nikawaonyeshe mgahawa gani?

Basi hapa ni kanisa kuu la St Martin. Aliyelala chini ya jiwe hili ni mfalme Richard III, aliuawa vitani 1485, wakaja kumpata 2012 chini ya pakingi ya magari hapo jirani, mfalme mzima watu wanapaki juu yake! Kumzika hapa ni 2015. Oneni jiwe lenyewe, msalaba umechanjwa ndani kabisa, marembo hakuna.

Ukitembea kidogo unafika St Nicholas, hili kanisa la Wasaksoni, watu waliotawala huku baada ya Warumi kuondoka. Sogeeni muone ukutani, hivi vitofali vyembamba vyekundu ni vya Warumi, mafundi waliviokota kwenye magofu wakajengea kanisa, kama kwetu nyumba ya babu ikibomolewa mabati yanahamia banda la kuku. Na huo mwingine mrefu ni Jewry Wall, ukuta wa bafu la Warumi, miaka kama 1,900 umesimama.

Hapa ndipo nilitaka mama yangu asimame nimpige picha. Nikamlipa agenti ajaze fomu za viza ya matembezi, jina la mama akaliandika tofauti na la kwenye pasi, viza ikagoma. Pesa hajarudisha, meseji anasoma, tiki za bluu naziona, hajibu. Tuachane naye.

Wanaouliza kama waje, mimi sijui maisha yako, haya ni yangu, kuna mwenzangu mji huu huu kanunua nyumba. Ila mjue 1972 Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, halmashauri ya hapa ilitangaza kwenye gazeti la kule kwamba wasije, mji umejaa. Wakaja. Juzi niko Belgrave Road nachagua bamia, bibi wa dukani, Mhindi wa Jinja, kanishika mkono: “Acha hiyo mwanangu, ya jana. Chukua ile.”