Foleni Kabla ya Zege

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie uigaji wa mifumo, wengine mnauita simulesheni, yaani kutengeneza mfano wa kitu kwenye kompyuta, ndiyo modeli, na kuuendesha uone kitakavyofanya kabla ya kukijenga. Na kwa kuwa tuko Kigoma nitaanzia kwenye geti la bandari.

Chukulieni mizani moja. Malori yanafika kwa wastani kila dakika 10. Kupima lori moja ni dakika 8. Mwenye haraka anapiga hesabu palepale: 8 ni ndogo kuliko 10, mizani inatosha, mwageni zege.

Lakini malori hayana adabu hiyo. Yanakuja matatu kwa mpigo, halafu kimya. Huyu karatasi zake ziko sawa, dakika 3 kaondoka. Yule turubai limelegea, anakaa dakika 20. Ukiiga hali hiyo kwa muda mrefu, ufikaji na upimaji vyote viwe vya kubahatisha kama ilivyozoeleka katika hesabu za foleni, kila lori linasubiri wastani wa dakika 32 kabla ya kupanda mizani. Sasa ongeza dakika moja tu, upimaji uwe dakika 9. Mnadhani foleni inafika wapi? Dakika 81! Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani nimekosea programu.

Kwa mizani moja hamhitaji kompyuta. Mwanahisabati Erlang wa Denmark alianza hesabu za namna hii mwaka 1909, akishughulikia simu za Copenhagen. Ila wekeni gati, kreni, mabehewa ya Tabora yaliyochelewa na meli iliyozuiwa na upepo wa kusi, kanuni inachoka. Hapo tunafanya kama mwanahisabati Ulam mwaka 1946: anaumwa, anacheza karata peke yake, akaona kuliko kukokotoa uwezekano wa kushinda, heri acheze mara nyingi ahesabu.

Mradi mmoja, siutaji, walikuja kutuita geti likiwa limeshajengwa. Tukaigiza nini tena? Tulivunja ukuta.

Na msiniletee wastani wa ofisini. Kaeni getini na daftari, siku ya meli na siku isiyo na meli. Kijana wetu mmoja alikaa wiki nzima, na pembeni mwa safu ya muda akawa anaandika, tena na tena: "dereva anatafuta kalamu." Dakika 2, dakika 4. Tulizitoa hizo kwenye modeli kabla ya kuchora mizani ya pili. Zimeni taa hapo nyuma, muone foleni ilivyofanya.