Jicho la Pweza, Jicho la Changu na Jicho Letu

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Masheikh, mapadri na wachungaji, walimu wenzangu, akina mama mliotoka sokoni moja kwa moja, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni swali: jicho la mwanadamu limetokana na mageuko, au lilibuniwa likiwa kamili? Nasema mapema msimamo wangu, asije mtu akadhani nimemzunguka. Jicho limejengeka hatua kwa hatua, kwa muda mrefu mno, na alama za safari hiyo bado zimo ndani yake. Leo nataka tuzione alama zenyewe.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na naiheshimu. Mwaka 1802 kasisi wa Uingereza, William Paley, aliandika kwamba jicho limeundwa kwa ajili ya kuona, sawa na darubini ilivyoundwa kulisaidia jicho, na chombo cha namna hiyo hakikosi aliyekibuni. Charles Darwin mwenyewe, mwanasayansi wa Uingereza aliyeieleza nadharia ya mageuko, katika kitabu chake cha 1859, alikiri kwamba kusema jicho limetokana na uteuzi asilia, yaani viumbe wenye umbo linalofaa kuishi na kuzaa kuliko wengine, kunaonekana kama upuuzi wa hali ya juu. Wengi hunukuu hapo wakafunga kitabu. Hawafiki anapoendelea kusema kwamba zikipatikana ngazi kutoka jicho duni hadi jicho kamili, kila ngazi ikimfaa mwenye nayo, ugumu huo unaondoka.

Basi tuzitafute ngazi, na hatuendi mbali, bahari yetu hii hapa. Kiti cha pweza mnamjua. Kwenye ncha ya kila mkono ana jicho dogo lisilo na lenzi, na hana ubongo. Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Japani kwa kiti cha pweza wa rangi ya buluu: akiwekwa karibu na mwamba wake anarudi nyumbani, akiondolewa macho anatangatanga ovyo. Haya, kombe, yule mkubwa anayekaa kwenye matumbawe. Pembezoni mwa nyama yake ana mamia ya macho, kila moja ni kishimo chenye tundu dogo, hakuna lenzi. Kivuli chako kikimpita tu, anafunga. Wazamiaji wanaonisikiliza wanajua ninachosema.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, “Nusu ya jicho ina faida gani?”, namjibu hivi: mzee mwenye mtoto wa jicho, anayeona ukungu tu, anaujua mlango uko wapi na anajua kumekucha. Muulize kama yuko tayari kuupoteza huo ukungu kwa kuwa si uoni kamili.

Muda je, unatosha? Mwaka 1994 Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger, wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walipiga hesabu. Walianza na kipande bapa cha seli zinazohisi mwanga, wakakigeuza asilimia moja kwa wakati mmoja: kibonyee kidogo, tundu lipungue kidogo, lenzi ianze kukolea. Walifika kwenye jicho lenye lenzi, kama la samaki, kwa hatua 1,829. Wakikadiria kwa ubahili, vizazi havikufika 364,000. Kwa viumbe wanaozaa kila mwaka, huo ni muda chini ya miaka nusu milioni, na viumbe wenye macho wamekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 500. Hii ni hesabu ya umbo, haikuonyesha kila kitu, lakini kizuizi cha muda imekiondoa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Kwenye sahani hizi kuna pweza na changu, nimewanunua soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, asubuhi. Nampasua pweza jicho. Tazameni, hiki kidude cha mviringo, kigumu, kinachong'aa kama ushanga, ndicho lenzi. Kwa changu napo kipo. Ni kile kidonge cheupe mnachokitoa kwenye jicho la samaki akishapikwa, moto ndio uliokifanya kiwe cheupe. Pweza ana lenzi, ana mboni, ana retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Changu naye hivyo hivyo, na sisi pia.

Ila tukiipasua retina tukaiangalia kwa hadubini, tunakuta tofauti moja kubwa. Kwa pweza, seli zinazopokea mwanga zimeelekea mwanga, na nyuzi za neva zinatokea nyuma. Kwa changu na kwetu, seli zimeugeuzia mwanga kisogo, na nyuzi zinapita mbele yake, kama fundi aliyetandaza nyaya mbele ya taa. Nyuzi hizo, kama milioni moja kwa kila jicho letu, lazima zitoke kwenda kwenye ubongo, kwa hiyo zinatoboa retina. Pale zinapotoboa hatuoni kitu.

Tujaribu. Chukueni karatasi mliyopewa, ina alama ya msalaba kushoto na doa jeusi kulia, sentimita 8 kati yake. Ziba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama msalaba tu, usihame. Nyoosha mkono, kisha ivute karatasi taratibu. Ikikaribia sentimita 30 hivi, doa linapotea. Naam, nasikia mnaguna! Ubongo umepaziba kwa rangi ya karatasi. Pweza hana pengo hilo.

Fikirini. Pweza na changu wanakaa mwamba mmoja, wanatumia mwanga mmoja, wanawindana. Kama jicho lilipangwa kulingana na mahitaji, hao wawili wangefanana. Lakini changu anafanana nasi, tunaokaa juu ya nchi kavu, na anafanana na kuku, na mbuzi, na papa. Hata silikanti wetu, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, ambaye kwa ajili yake hapa Tanga tuna hifadhi ya bahari, ana retina iliyogeuka hivyo hivyo, ijapokuwa anaishi kwenye giza la kina kirefu. Mpangilio wa nyaya haufuati makazi. Unafuata ukoo.

Na chanzo chake kinaonekana tumboni. Wiki za mwanzo za mimba, ubongo wa mtoto huchomoza vifuko viwili. Kila kifuko hubonyea kikawa kikombe chenye kuta mbili, na ukuta wa ndani ndio retina. Jicho la pweza linaanzia kwenye ngozi iliyozama ndani. Njia mbili tofauti, ndiyo maana nyaya zikakaa tofauti.

Wapo wanaosema mpangilio wetu una faida zake. Ni kweli zipo: mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba seli fulani za retina hupitisha mwanga moja kwa moja hadi kwenye vipokezi. Naikubali kabisa. Lakini sehemu pofu bado ipo.

Sheikh ameniandikia kikaratasi: je, nasema hakuna Muumba? Hapana, sheikh wangu, sijasema hivyo. Nimesema jinsi jicho lilivyopatikana. Kama sheria zenyewe za maumbile zina aliyeziweka, hadubini haiwezi kuthibitisha wala kukanusha, na imani inayotundikwa kwenye umbo la retina mimi naionea huruma.

Swali la mwisho, mama pale. Ndiyo, mama, lina maana hospitalini. Zile kuta mbili za kikombe hazikushikana sawasawa, ndiyo maana retina inaweza kubanduka, hasa baada ya kugongwa au kwa mwenye uoni wa karibu sana, yaani asiyeona vizuri vitu vya mbali. Mtu akiona vimulimuli ghafla, madoa meusi mengi, na kama pazia linashuka upande mmoja wa jicho, asingoje kesho wala asitie dawa ya kienyeji. Apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, kwa sababu retina haiumi.