Hakimu Mgonjwa na Ufalme wa Ufaransa

Mabibi na mabwana, naomba leo Versailles, jumba la fahari la Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, tuiache ilipo. Kila ninapozungumzia namna wafalme wa Ulaya walivyoyavuta madaraka mikononi mwao, hazipiti dakika tano kabla ya mtu kunitajia yale maneno ya «Dola ni mimi», ambayo hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba Louis wa Kumi na Nne aliyatamka. Tumtazame mtu mdogo kuliko Louis: hakimu wa Kifaransa aliyelala na homa, mwaka 1600 hivi.

Hakimu huyu cheo chake alikinunua, kwa kuwa wafalme wenye njaa ya fedha za vita walikuwa wamekwisha kuvigeuza vyeo vya mahakama na hazina kuwa bidhaa. Sasa anataka kumwachia mwanawe. Sheria inamruhusu, ila kwa sharti moja zito: akishakikabidhi, sharti aishi siku 40. Akifa siku ya 39, cheo kinarudi kwa mfalme, naye atakiuza upya, na mtaji wote wa familia umezama. Fikirini hali ya nyumba hiyo, mke akihesabu siku huku tabibu akiingia na kutoka.

Mwaka 1604 Mfalme Henri wa Nne aliiondoa hofu hiyo, bila shaka kwa malipo. Aliyetoa kila mwaka sehemu moja ya sitini ya thamani ya cheo chake aliweza kufa siku yoyote Mungu apendayo, na mrithi asipoteze kitu. Ada hiyo iliitwa paulette, kwa jina la Charles Paulet, aliyepewa kandarasi ya kuikusanya.

Najua yupo anayenong'ona kwamba huku ni kugawa madaraka, si kuyakusanya. Hajakosea, ila ana haraka. Mfalme alipata fedha pasipo kuliitisha na kuliomba kodi Bunge la Matabaka, yaani baraza la wawakilishi wa makasisi, makabaila na watu wa kawaida, ambalo baada ya kikao cha 1614 halikuitwa tena hadi 1789, na akapata maelfu ya familia tajiri ambazo mali yao ingekuwa karatasi tupu endapo ufalme ungeanguka. Tatizo ni kwamba aliyenunua kiti hafukuziki kirahisi. Ndiyo maana Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Louis wa Kumi na Tatu, aliwategemea maintendanti, maofisa waliotumwa mikoani kwa hati ambayo mfalme aliweza kuifuta wakati wowote. Wenye vyeo waliwachukia. Mwaka 1648, serikali ilipodai mahakimu wa mahakama za juu waachie mishahara ya miaka 4 ndipo ruhusa ya paulette, iliyotolewa kwa miaka michache kila mara, ihuishwe, Mahakama Kuu ya Paris, ingawa yenyewe ilisamehewa, iliungana na wenzake, wakadai pamoja kwamba maintendanti waondolewe. Hivyo zikaanza ghasia za Fronde, uasi dhidi ya serikali ya mfalme, Louis wa Kumi na Nne akiwa mtoto wa miaka 9.

Alipokua hakuvifuta vyeo hivyo. Aliwatumia maintendanti kwa nguvu zaidi, na mwaka 1673 akaziamuru mahakama kuu, ambazo zilikuwa na kazi ya kuzisajili amri za mfalme na ziliweza kuzipinga kabla ya kuzisajili, zisajili amri zake kwanza, malalamiko yafuate baadaye.

Muda umekwisha; mwenyekiti ananitazama. Niseme tu kwamba usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, wanamapinduzi walipoamua kukomesha uuzaji wa vyeo vya mahakama, hata wao hawakuthubutu kuvichukua bure: wajukuu wa hakimu wetu walistahili fidia.