Hesabu ya dripu kabla hujatoa hela

Haya wakulima wenzangu, sogeeni mbele kidogo, nina chupa mbili hapa nataka wote muone.

Kila siku naulizwa dripu, ule umwagiliaji wa matone, ya heka moja shilingi ngapi, na mi nauliza kwanza unalima nini, maana mpira ule wenye matundu ya kudondosha maji unanunuliwa kwa mita, sio kwa heka. Heka ni mita za mraba 4,047. Tikiti mistari ya mita 2 unahitaji mpira kama mita 2,000, ila parachichi mita 7 kwa 7 ni miti kama 82, ukipitisha mpira mmoja kila mstari mita 580 zinatosha, na miti ile utaivuna miaka na miaka. Heka ni ileile ila gharama haziko karibu kabisa.

Halafu pigeni hesabu ya maji. Mita 2,000 zenye tundu kila sentimita 30 ni matundu kama 6,700, kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, tangi la lita 5,000 limekwisha kwenye dakika 45! Gawa shamba vipande, funga koki, mwagilia kimoja kimoja.

Lakini mi hela yangu naiona kwenye mbolea. Urea ukiimwaga juu ya udongo na jua lile, nitrojeni inaruka hewani, ukifungulia mfereji, nyingine inazama chini mizizi isikofika, na kibarua ushamlipa. Kwenye dripu naweka kidogo kidogo kila wiki, inadondokea palepale penye mizizi, tikiti likishabeba napunguza nitrojeni naongeza potasiamu.

Sasa angalieni. Chupa hii ina mbolea ya kalshiamu naitreti, hii ina mbolea ya fosfeti, zote zimeyeyuka safi. Nachanganya... mmeona? Meupe kama tui la nazi. Zile chenga ndo zinaziba matundu, mi zilinizibia mistari 11 matikiti yakiwa saizi ya ngumi, yakanyauka naangalia, iliniuma sana. Siku hizi kila moja ina siku yake, na nikimaliza napitisha maji matupu kama dakika 15. DAP, ile mbolea ya kupandia ya gunia, msiloweke, haiyeyuki yote.

Na filta jamani msiibanie hela, muifungue muioshe, mkikuta ute wa kijani ujue tangi linapigwa na jua, lifunikeni.

Mama wa papai pale nyuma, nimeona mkono, uliza.