Kuziba Juu, Kuchuja Chini: Saruji na Mchanga katika Kisima cha Mafuta

Assalaam alaykum wazee wetu, walimu, na vijana mliojitokeza.

Nimeombwa nizungumzie kazi mbili za mwishomwisho katika kukitayarisha kisima cha mafuta, yaani kutia saruji na kuzuia mchanga, na namna kazi hizo zinavyoweza kufanywa kwa kuteremsha mabomba mara moja tu. Tangu mafuta yapatikane katika kisima cha Ngamia-1 kule Turkana mwaka 2012, na Lamu kutajwa kuwa mwisho wa bomba la kuyasafirisha, hapa kwetu tumezungumza sana juu ya bandari na meli. Leo tushuke chini ya ardhi.

Nikiwa mtoto nilimtazama fundi akijenga kisima huko Shela. Sehemu ya juu aliijenga kwa mawe na chokaa, akaziba kila upenyo ili maji machafu yasiingie. Chini kabisa aliyapanga mawe makavu, bila chokaa, maji yapate kupenya na mchanga ubaki nje. Ukuta mmoja, kazi mbili zinazopingana. Kisima cha mafuta nacho ni hivyo hivyo, isipokuwa hakuna mtu anayeweza kuingia ndani kurekebisha kosa.

Saruji huchanganywa na maji ikawa uji mzito, wenye uzito wa takriban kilo 1.9 kwa lita, ukasukumwa ujaze nafasi iliyoko baina ya bomba la chuma na ukuta wa mwamba. Ukiganda, huzuia gesi, mafuta na maji yasipande kwa nje ya bomba. Mwaka 2010, katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, saruji ya chini ilishindwa kuizuia gesi; mtambo wa kuchimbia wa Deepwater Horizon ukalipuka na wafanyakazi 11 wakafa. Kwa hiyo msinione nikiisifu sana njia ya mkato.

Mchanga nao una madhara yake. Mwamba laini unapotoa mafuta hutoa na punje, nazo hutafuna vali, hujaza kisima na kutoboa mabomba. Dawa yake ni bomba la kichujio lililozungukwa na changarawe iliyochekechwa. Kanuni aliyoitoa mhandisi Saucier mwaka 1974 inasema ukubwa wa kati wa changarawe uwe mara 5 hadi 6 ya ukubwa wa kati wa punje za mchanga: mchanga wa milimita 0.1 utahitaji changarawe ya milimita 0.5 hadi 0.6. Ikiwa kubwa zaidi, mchanga utapita katikati yake. Ikiwa ndogo mno, mafuta yenyewe yatapita kwa shida.

Desturi ni kutia saruji kwanza, kungoja igande, kulitoboa bomba kwa baruti, kisha kurudi na kichujio na changarawe. Kila safari ya mabomba hula saa nyingi, na mtambo wa baharini hukodiwa kwa siku. Ndipo likaja wazo la kuunganisha: kichujio kinakaa chini, ndani ya tabaka la mafuta, juu yake kizibo cha mpira kinachofurishwa kwa shinikizo mpaka kiushike ukuta, na juu ya kizibo, matundu yanayofunguka na kufungika, ambayo uji wa saruji hutokea. Vyote huteremshwa pamoja.

Ugumu wote uko kwenye kile kizibo. Chukueni kifumbu cha kuchujia tui mkimwagie unga uliokorogwa: mtakiosha mpaka mchoke na vitundu vitabaki vimeziba. Saruji ikikifikia kichujio hali ni hiyo, na haioshwi tena. Na uji ule unakandamiza karibu mara mbili ya maji ya kimo kilekile, kwa hiyo ukuta ukiwa umemomonyoka na kizibo kisiukamate sawasawa, saruji itateremka.

Mafundi wanahitilafiana juu ya kitangulie kipi. Wapo wanaotanguliza saruji, kwa sababu changarawe ikitangulia, punje chache zilizobaki palipo kizibo hukizuia kisikamate. Wengine hutanguliza changarawe, kwa kuwa ukuta wa mchanga ulioachwa wazi wakati saruji inagandishwa unaweza kuporomoka juu ya kichujio. Mimi huelekea kwa hawa wa pili pale mchanga ulipo dhaifu sana, kwa sharti kwamba eneo la kizibo lisafishwe kwa kuzungusha maji ya chumvi kabla ya kukifurisha. Maji hayo nayo yana mtego: yakiwa na chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu na yakachanganyika na uji, saruji inaweza kuganda kabla ya wakati, zana zikiwa bado ndani. Hivyo hutangulizwa kimiminika cha kuyatenganisha.

Kizibo kikishafura hujaribiwa kwa shinikizo kabla tone moja la saruji halijapita kwenye matundu. Shinikizo likishuka, kazi ya pamoja husimamishwa hapo hapo: saruji haitiwi, mabomba hutolewa ikiwa bado yanatoka, na kisima hurudishiwa ile desturi ya safari mbili, hata kama mwenye kulipa mtambo atanuna.