Maneno Kwanza, Muziki Baadaye

Ahsanteni. Leo nasema na wanaohariri video za harusi, maana huko ndiko sauti inakoteseka. Shehe anayeozesha anasema polepole, mshereheshaji anapiga makelele, spika za ukumbini zinanguruma. Ninyi mnapanga vyote kwenye traki, yaani mistari ya sauti ndani ya programu, mnamwagia Bongo Fleva juu, basi, mteja aitwe.

Tazameni ukutani. Hii ni mita ya sauti ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Premiere, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo inayo. Juu kabisa pameandikwa sifuri, na hiyo ndiyo dari. Faili likishatolewa, kilichozidi sifuri kimekatwa, kilele cha wimbi kimekuwa bapa, na sauti imepasuka. Iliyopasukia kwenye kamera, hata ukiishusha, inabaki imepasuka, ila kwa chinichini. Uliyoizidisha mwenyewe ndani ya programu, ishushe tu, itapona.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza S kwenye traki ya maneno ili isikike peke yake. Vilele vyake vicheze kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6, chini ya ile dari ya sifuri. Hapo ndipo ufungulie muziki: uanzie chini kabisa, upandishe taratibu mpaka uanze kuyasumbua maneno, halafu urudi nyuma kidogo. Wengi wenu mnaanza na wimbo mnaoupenda, kisha mnakimbizana na maneno mpaka vyote viwili vinagonga dari.

Na mjue traki hujumlishana. Weka sauti ileile kwenye traki mbili, kila moja ikisoma hasi 6. Zikikutana zinafika sifuri. Kila traki ilikuwa salama, mchanganyiko haupo salama. Kwa hiyo jicho likae kwenye mita kuu ya kutokea.

Kaka pale nyuma anauliza mbona YouTube inamshushia sauti. Wale hawahesabu vilele. Wanapima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia video nzima, kwa kipimo cha LUFS. Ikizidi kama hasi 14, wanaishusha. Ikiwa ndogo, hawakupandishii, wanakuachia na unyonge wako. Televisheni za Ulaya zina kiwango chao cha hasi 23, kilichowekwa mwaka 2010, kwa hiyo kwanza uliza kazi inakwenda wapi.

Jambo linalonikera kuliko yote: maikrofoni ya kifuani imerekodi upande mmoja, na bwana harusi anakula kiapo kwenye sikio la kushoto tu. Kwenye spika za mezani hulioni tatizo. Ukivaa hedifoni unalisikia papo hapo. Ingia kwenye sifa za klipu, ibadilishe iwe mono, pande zote mbili zitapata. Kisha izime ile maikrofoni ya kamera wakati wa maneno, maana iko mbali, sauti inaifikia ikiwa imechelewa, na zikichanganywa maneno yanasikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Ibakishe kwa vigelegele tu.